Muulize Babu Yake Alitoka Wapi
Mtu akija getini kwako Mutuini na mtoto wa mbwa kifuani, akiapa kwamba babu yake alikuwa mbwa mwitu, muulize babu huyo alitoka wapi. Kenya haina mbwa mwitu wa kijivu, yule wa Ulaya na Marekani anayezaa machotara na mbwa wa nyumbani. Wale wenye mabaka wanaowinda kwa makundi kule Laikipia hawazai na mbwa wetu kabisa, wala bweha wa mgongo mweusi hazai nao. Chotara wa kweli aliye karibu nasi amepatikana milima ya Bale, Ethiopia, ambako mbwa wa wafugaji wamepandana na mbwa mwitu wa huko, mnyama ambaye waliokomaa hawafiki 500 duniani kote, na wahifadhi wanahofia ukoo wake utamezwa. Kwa hiyo huyo wa getini, kwa maoni yangu, ni shepadi au haski aliyechanganywa, na masikio yaliyosimama hayathibitishi kitu. Dai kumwona mama yake akinyonyesha. Ukiambiwa ni wa ukoo safi, dai karatasi za East Africa Kennel Club. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mwage. Mtoto asiyefikisha wiki nane arudishwe kwa mamake. Pesa utakazookoa zimchanje mbwa koko wako dhidi ya kichaa cha mbwa, akifika miezi mitatu na kila mwaka baadaye, maana watoto wetu huchezea kwenye vichochoro hivyohivyo anavyozurura usiku.