Mashine dhaifu ina funzo kwa vijana wa Butembo na Beni

Mtu akiingia dukani mjini Butembo ao Beni kununua simu, swali la kwanza ni picha: kioo kinang'aa namna gani? Swali la betri linakuja nyuma. Huo ni mpangilio mbaya katika miji ambako umeme haufiki nyumba zote, na wakaaji wengi wanalipa franka kwenye vibanda ili kuchaji simu.

Historia ya michezo ya mkononi inaonyesha hivyo wazi. Mwaka 1989, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya Game Boy. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa upana na 144 kwa kimo, bila rangi, viwango vinne tu vya weusi na weupe. Kumbukumbu ya picha ilikuwa kilobaiti 8, haitoshi hata kwa picha moja ya simu ya leo. Mstari mmoja wa kioo ulibeba vitu 10 tu vinavyotembea; cha 11 hakikuonekana.

Watengenezaji wa michezo hawakukata tamaa. Walichora vipande vya nukta 8 kwa 8, wakavirudia mpaka vikawa ukuta, wingu ao mlima, kama fundi anayejenga mtaa mzima kwa kalibu moja ya matofali.

Mwaka 1990 Sega ilileta Game Gear, yenye rangi na kioo chenye mwanga. Lakini ilimaliza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne, ikapita saa 10. Pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, iliuzwa zaidi ya mara milioni 118. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo, alichagua kwa makusudi vifaa vya zamani, vya bei ndogo na vilivyozoeleka.

Jambo hilo linawahusu vijana wanaosoma kompyuta Butembo na Beni. Programu iliyojaa picha nzito inamaliza megabaiti za mama muuza ndizi kabla hajaona bei ya soko. Programu ya maana ni ile inayofunguka kwenye simu ya bei ya chini, betri ikibaki robo na mtandao ukisuasua.

Wengine watasema huku ni kuwafundisha raia kuridhika na umaskini. Hapana. Deni la umeme bado liko juu ya serikali, na lazima ilipe. Lakini hata umeme ukifika kesho, aliyejifunza kutumia kidogo vizuri hatapoteza kitu.

Walimu waanzie hapo: wampe mwanafunzi kilobaiti 8, wamwombe mchezo mmoja. Hata akishindwa, atakuwa amejua bei ya kila nukta.