Bweni la Nini, na Nyumba Ipo?

Leo naingia chuoni, ila darasani sipiti. Naenda moja kwa moja bwenini, maana huko ndiko kwenye kasheshe.

Kuna ugonjwa umewaingia wazazi wengi wa Temeke na Kinondoni. Mtoto akipata chuo hapahapa Dar, hesabu yao ni moja: nyumba ipo, kitanda kipo, ugali upo, sasa hela ya hosteli ya nini? Shangazi yangu wa Tandika naye kaupata. Binti yake anasoma ng'ambo, Kigamboni. Nikamwamkia, nikamwambia, "Shangazi, mwache mtoto akakae chuoni." Akanikata jicho: "Ili wahuni wamharibu? Hapa namwona kwa macho yangu!"

Haya, hebu na sisi tumwone. Saa kumi na moja alfajiri keshaamka. Daladala mpaka Feri, kisha foleni ya pantoni. Vipindi vikiisha, wenzake wanahamia kwenye vimbweta kupiga msuli, yeye anatazama saa. Akifika nyumbani vyombo vinamsubiri, wageni wanataka chai, mdogo wake anataka kusaidiwa hesabu. Kaka mtu kajilaza kwenye kochi anatazama mpira. Daftari linafunguliwa saa nne usiku, na usingizi nao umeshafika. Akija kudisko, mtaa mzima utasema hana akili.

Madesa mtu anaweza kutoa kopi akayasomea popote. Kitu ambacho nyumbani hukipati ni ubishi. Bwenini wa uchumi analala kitanda cha juu, wa historia cha chini. Taa ikizimwa wanaanza: kwa nini bei ya mahindi imepanda, mkoloni alituachia nini, nani kasema? Asubuhi kila mmoja anaingia darasani na swali ambalo mwalimu wake hakulitegemea.

Wazee wetu walilijua hilo. Chuo cha Kivukoni kilipofunguliwa Kigamboni mwaka 1961, kiliiga mfano wa Ruskin College ya Oxford, iliyoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya kusoma. Watu wazima walikaa hapohapo chuoni, wakasoma siasa na uchumi, wakala pamoja, wakabishana pamoja. Ndicho hichohicho ambacho tangu mwaka 2005 kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Na kule Mlimani, mwaka 1967 Yoweri Museveni na wenzake walianzisha umoja wao wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Umoja ule haukuwa kwenye ratiba ya vipindi, jamani!

Sisemi bwenini ni peponi. Kuna jirani anayefungulia muziki usiku wa manane, kuna foleni ya bafu, na kuna kubebana, yaani watu wawili kitanda cha mmoja. Nafasi zenyewe hazimtoshi kila mtu. Mwaka 2017 Mlimani walifungua mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, na bado mageto ya mtaani hayajakosa wapangaji.

Kwa hiyo mzazi, kama hela ya hosteli ipo, toa. Usiihesabu kuwa ni hela ya kulala, ni ada ya nusu ya pili ya masomo. Kama haipo, hatugombani. Lakini mpe binti angalau siku tatu kwa wiki abaki chuoni mpaka jioni, abishane na wenzake. Akirudi, asikute sinki limejaa. Yule kaka wa kwenye kochi anayo mikono miwili, aoshe vyombo. Hafi.

Haya, tukutane wiki ijayo!