Risasi haiulizi nani alivunja mwiko

KIPUSHI – Kuna swali moja ambalo familia zilizokimbia vita kutoka Mitwaba, Pweto na Manono zinalijua vizuri. Habari inafika kwamba kijana fulani amekufa porini pamoja na Mai-Mai. Watu wanakuja kwenye kilio, wanakaa chini, wanamsalimia mama wa marehemu. Halafu mmoja anauliza kwa sauti ya chini: "Alivunja mwiko gani?"

Hakuna anayeuliza nani alimpa silaha, wala nani alimtanguliza mbele. Mama aliyepoteza mtoto anabaki na aibu juu ya uchungu: mtoto wake amekufa, na tena amekufa kwa kosa lake mwenyewe.

Swali hilo linapaswa kukoma, na sababu ziko wazi.

Kila mtu katika Katanga amesikia namna dawa ya vita inavyotolewa. Muganga anachanja mwili, ananyunyiza maji, anafunga hirizi mkononi au shingoni. Anasema risasi itageuka maji. Kisha yanakuja masharti. Mwenye kubeba silaha chini ya dawa asilale na mwanamke. Asiibe. Asishikane mkono na mtu asiyepewa dawa. Asile chakula fulani, au chakula kilichopikwa na mtu fulani. Asiangalie nyuma wakati wa mapigano. Muganga huyu anaongeza moja, yule anaondoa moja, lakini orodha haikosi kuwa ndefu.

Urefu huo ndio ujanja wenyewe. Hakuna kijana anayeweza kushika masharti yote, kila siku, porini, katika njaa na woga. Sasa vijana kumi wakienda kupigana na saba wakarudi, watu watasema: angalieni, dawa ni kali, na wale watatu walivunja mwiko. Wote kumi wakirudi, dawa ni kali zaidi. Wote kumi wakifa, basi mmoja wao aliwachafulia wenzake. Je, kuna siku hata moja ambapo itasemwa kwamba muganga alikosea? Hakuna. Hata kwenye kiwanja cha mpira, mwenye timu hapewi filimbi ya refa. Hapa mwenye dawa ndiye anayetunga sheria, ndiye anayehukumu, na mshitakiwa ni maiti isiyoweza kujitetea.

Hesabu hii haikuanzia Katanga. Mwaka 1905, kusini mwa nchi inayoitwa leo Tanzania, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya kuzuia risasi za Wadachi. Wadachi wakamnyonga mwezi wa nane mwaka huo huo. Mwisho wa mwezi ule, huko Mahenge, maelfu ya watu wakakabili bunduki za rashasha. Vita vya Maji Maji vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua kuliko risasi. Kuna wanahistoria wanaofikisha hesabu ya waliokufa hadi 300,000.

Mwaka 1964 Wasimba waliingia Kisangani, iliyoitwa wakati ule Stanleyville, wakipaza sauti "Mai Mulele". Nao walikuwa na miiko: wanawake, wizi, kugeuka nyuma. Aliyeanguka alikuwa amevunja mmoja.

Uganda, mwaka 1986 na 1987, Alice Lakwena aliwapaka wapiganaji wake mafuta na kuwapa sheria 20. Moja iliwakataza kujificha nyuma ya mti au kichuguu wakati wa mapigano. Msikilizaji afikirie vizuri hapo. Sheria ile haikumkinga mpiganaji. Ilimwondolea kinga pekee aliyokuwa nayo. Jeshi lake lilivunjwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987. Yeye mwenyewe alivuka hadi Kenya, akaishi huko karibu miaka 20, akafa kwa ugonjwa katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007. Vijana waliosimama wima mbele ya bunduki hawakupata miaka hiyo 20.

Kipushi ina ushahidi wake karibu zaidi. Ni hapa hapa, tarehe 5 mwezi wa tatu mwaka 2009, tribinali ya kijeshi ilipomhukumu Gédéon Kyungu Mutanga adhabu ya kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Ndiye aliyeongoza Mai-Mai katika lile eneo la Mitwaba, Manono na Pweto lililoitwa pembetatu ya kifo. Mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa pamoja na wafungwa karibu 1,000. Mwaka 2016 alijisalimisha tena, na mwaka 2020 akatoweka Lubumbashi.

Katikati ya miaka hiyo, tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 2013, wapiganaji wa Kata Katanga, kundi linalohusishwa naye, waliingia Lubumbashi na bendera ya zamani ya Katanga. Wengi walishika mishale, mapanga na hirizi, na bunduki zilikuwa chache. Kati yao walikuwamo watoto. Watu zaidi ya 30 walikufa siku ile. Kiongozi aliyehukumiwa kufa alikuwa bado hai. Waliozikwa ni wafuasi na raia.

Kuna wanaosema: miiko hiyo ilikuwa na faida, maana ilikataza kuiba na kubaka. Kukataza wizi na ubakaji ni vizuri, lakini kwa hilo hakuhitajiki chale wala hirizi; kila baba na mama mwenye heshima anamfundisha mtoto wake hivyo. Na familia zilizoona nyumba zao zikichomwa katika pembetatu ya kifo zinajua kama miiko hiyo ilishikwa.

Wengine wanasema: serikali haikutulinda, na dawa ilitupa moyo. Sehemu ya kwanza ni kweli, na serikali inastahili kuulizwa kwa nguvu zote. Lakini moyo uliojengwa juu ya uongo unamfikisha mtoto mbele ya bunduki, na pale unamwacha peke yake.

Neno la mwisho ni kuhusu watoto. Waganga huwapenda watoto kwa dawa kwa sababu wanasemwa kuwa safi, hawajajua mwanamke. Ndiyo maana wanatangulizwa mbele. Usafi wao umefanywa sababu ya kuwaua. Sheria ya Congo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iko wazi: anayeingiza mtoto chini ya miaka 18 katika kundi lenye silaha anafungwa miaka 10 hadi 20. Sheria hiyo haiulizi kama mtoto alipewa dawa, wala kama alishika masharti.

Basi, kwenye kilio kijacho, atakayeuliza mwiko gani ulivunjwa ajibiwe na wazee palepale, mbele ya watu wote. Aambiwe kwamba mwiko uliovunjwa ni mmoja tu, nao ulivunjwa na mtu mzima: alimpa mtoto silaha, akamdanganya kwamba risasi ni maji, naye mwenyewe akabaki nyuma. Na mama wa marehemu asikie jibu hilo. Amebeba mzigo usio wake muda mrefu sana.