Fundi, Nionyeshe Kipuri

Mpwa wangu ana miaka kumi na saba, na simu yake ina ufa kwenye kioo, kona ya kulia. Jumamosi moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba yao Ilala, simu imechomekwa kwenye pawabenki, macho hayabanduki kwenye mstari mmoja wa maandishi: mchezo uko kwenye matengenezo, jaribu tena baadaye. Ni mchezo wa mpira wa kwenye simu, wa kampuni ya mbali ambayo sitaitaja. Usiku wa kuamkia siku hiyo kampuni ilitoa apdeti. Bando lake la wiki likaishia humo, na kulipopambazuka mchezo ukawa haufunguki. Saa nne haufunguki, saa kumi jioni haufunguki. "Mjomba, hawa jamaa wamezingua," akaniambia, kisha akanionyesha alichowaandikia. Sikirudii hapa, maana mama yake ni msomaji wangu.

Jumapili usiku mchezo ukarudi. Kila mchezaji akakuta ametiliwa sarafu za bure. Mpwa wangu akazitumia papo hapo, akapata beki asiyemhitaji, na hasira yote ya jana ikayeyuka. Nikamwuliza, "Kwani ilikuwa nini?"

"Nini nini?"

"Kilichoharibika."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Aa, mjomba, si imesharudi!"

Ndugu wasomaji, jibu hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Vijana wetu hucheza na watu wa dunia nzima, na michezo hiyo huzimika, hasa baada ya toleo jipya kutoka. Ikizimika, hufanya mambo mawili: hutukana, kisha hupokea zawadi. La tatu, ambalo ndilo lenye faida, hawalifanyi. Nami nawasihi walifanye.

Wenye magari ya mkweche wananielewa haraka. Ukilipeleka gari lako kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, fundi mwaminifu utamjua jioni unapolifuata. Kabla hujatoa pesa atakukabidhi kipuri kibovu kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bado kina grisi. "Bosi, hiki hapa. Tazama kilivyolika." Fundi asiyekuonyesha kipuri huenda hakubadilisha kitu, kaza nati mbili, piga brashi, chukua hela. Hakuna shule iliyotufundisha kudai kipuri. Tumefundishwa na kuibiwa. Basi kwa nini tunachomdai fundi wa Gerezani hatumdai fundi wa michezo aliyeko California?

Na fundi wa California anaweza kukitoa akitaka. Mchana wa tarehe 28 Oktoba 2021, kwa saa za huko, Roblox ilianza kukwama, kisha ikazimika. Huo ni uwanja wa michezo mtandaoni wa kampuni yenye makao San Mateo, California, na wakati ule ulikuwa ukiingiwa na wachezaji wapatao milioni 50 kwa siku, wengi wao watoto. Ulizimika kwa saa 73. Siku tatu nzima, tena zikiangukia sikukuu ya Halloween ambayo watoto wa Marekani huisubiri mwaka mzima.

Kampuni haikusema mengi siku zile, na penye ukimya uvumi hujenga nyumba. Siku ile ile ya kuzimika, mkahawa wa Chipotle ulikuwa umefungua tawi la kubuni ndani ya Roblox na kuahidi kugawa burito za bure zenye thamani ya dola milioni moja. Burito ni kitu kama chapati iliyokunjwa na maharage na nyama ndani. Basi watu wakaamini kwamba chapati ndiyo iliyoua seva. Kampuni ikakanusha, ikasema tatizo halihusiani na mshirika yeyote wala mchezo wowote mahususi. Dhihaka za burito hazikukoma.

Kipuri chenyewe kilionyeshwa tarehe 20 Januari 2022, karibu miezi mitatu baadaye. Kuchelewa kule siwasamehe. Lakini kilipokuja kilikuja na grisi yake. Walieleza kwamba huduma zao, zilizokaa kwenye seva zaidi ya 18,000, hutafutana kwa kupitia programu iitwayo Consul, ya kampuni ya HashiCorp. Ifikirie kama karani wa stendi mwenye daftari: kila basi likitaka kujua mwenzake yuko wapi, humwuliza yeye. Siku moja kabla ya balaa, Roblox walikuwa wamewasha njia mpya ya karani huyo kupasha habari, kwenye huduma inayoongoza msafara wote wa mawasiliano. Njia hiyo ilitangazwa kuwa nyepesi kuliko ya zamani. Chini ya mzigo mkubwa wa kuandika na kusoma kwa wakati mmoja, ikawa foleni ya mlango mmoja.

Juu ya hilo kulikuwa na ugonjwa wa pili, na huu ndio unaonifurahisha kama mtu niliyewahi kufanya kazi ya ukarani. Daftari la Consul lilikuwa limefura hadi gigabaiti 4.2, ilhali habari zenyewe hazikufika hata megabaiti 500. Zilizobaki zilikuwa kurasa tupu. Programu iliyolihifadhi ilitunza orodha ya kurasa hizo tupu, na kila ilipotaka kuandika jambo dogo la kilobaiti 16 au pungufu, ilibidi iandike pia orodha yote, megabaiti 7.8. Mwone karani huyo: mteja anataka mstari mmoja, naye kwanza ananakili upya hesabu ya karatasi zote zisizo na kitu, ndipo aandike. Sisi tuliokaa ofisini tumewahi kumwona karani wa namna hiyo, na hakuwa programu.

Waliungama na makosa yao. Vyombo vya kupimia hali ya mfumo vilimtegemea karani yule yule aliyelala, kwa hiyo mafundi wakapofuka pale walipohitaji macho. Walidhani mashine ni chakavu, wakaleta zenye nguvu zaidi, zenye viini vya kuchakata (core) 128 badala ya 64, na hali ikazidi kuwa mbaya, kwa sababu vichwa vingi zaidi viligombea mlango ule ule. Mpaka tarehe 30 mchana ndipo walipoizima ile njia mpya na karani akaanza kupumua. Hata hapo hawakufungua geti kwa pupa. Waliwarudisha wachezaji kidogo kidogo, kama asilimia kumi kwa kila hatua, hadi wote wakawa ndani jioni ya tarehe 31. Na wale wanaotengeneza michezo humo ndani na kujipatia riziki, kampuni ilisema imeweka utaratibu wa kuwafidia kipato kilichopotea.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa makusudi. Kijana atakayeisoma taarifa ile ataamka akijua jinsi mitambo mikubwa inavyotegemeana, kwa nini kitu kimoja kisitegemewe na vyote, kwa nini nguvu ya ziada haitibu kila ugonjwa. Hayo ni masomo ambayo chuo humtoza mtu ada. Huyo mwingine aliyetukana siku tatu ameamka na matusi yake tu.

Nasikia mtu ananong'ona kwamba kampuni kubwa haiwezi kujivua nguo hadharani kila mara. Inaweza, na ilifanyika zamani. Desemba 2007 kampuni ya CCP ya Iceland ilitoa toleo la mchezo wake EVE Online lililoitwa Trinity, lililokuja na sura mpya za vyombo vya angani. Ndani ya mchezo huo kulikuwa na faili liitwalo boot.ini. Kwa bahati mbaya, Windows XP nayo ilikuwa na faili lake la jina hilo hilo, linaloiambia kompyuta pa kuanzia inapowashwa. Maagizo ya usakinishaji yaliyopaswa kufuta la mchezo yalikosewa kidogo, alama moja tu ya mkwaju kwenye anwani ya faili, yakafuta la Windows. Ni kama umemtuma kijana akatupe ufunguo mbovu wa stoo, akaenda kutupa ule wa lango kuu. Wachezaji walizima kompyuta zao, na walipoziwasha, baadhi zikagoma. Huo haukuwa mchezo kuzimika tena. Ni nyumba nzima kufungwa na mwenyewe yuko nje. CCP waliandika hadharani jinsi kosa lilivyotokea, wakataja na mkwaju. Aibu kubwa kwa mafundi, na hawakuificha.

Sasa nigeukie zawadi, kwani ndiyo inayotulaza. Aprili 2018 Fortnite ilizimika kwa muda wa siku nzima hivi, muda mfupi baada ya toleo jipya kutoka, na Epic Games wakawapa wachezaji pambo la kuvaa mgongoni. Sisemi pambo ni kosa. Mtu aliyekukanyaga akikununulia soda, kunywa. Ila jiulize soda ile imemgharimu nini mwenye kiwanda cha soda. Sarafu za ndani ya mchezo hazichimbwi mgodini. Huandikwa tarakimu, basi. Maelezo ya kweli ndiyo yenye gharama: mafundi wakae, wachunguze, mwanasheria akunje uso, mkurugenzi akubali kuonekana alikosea. Ukimpa mtu nafasi ya kuchagua kati ya kukulipa kwa kitu asichokihesabu na kukulipa kwa kitu kinachomuuma, usishangae atakachochagua. Sisi ndio tunaompa nafasi hiyo kila tunaposahau kuuliza.

Na matusi? Matusi yanamfaa zaidi mwenye kosa. Mafuriko ya matusi yakija, kampuni hupata kisingizio cha kufunga dirisha la mazungumzo, na yule mmoja aliyeuliza swali la maana husombwa pamoja na takataka. Tena anayesoma matusi yako ni kijana wa huduma kwa wateja, pengine hata hajui seva imekaa nchi gani. Aliyeidhinisha apdeti ya Ijumaa usiku amelala.

Wazee wenzangu watanicheka: mtu mzima anaandika makala ya gemu! Watoto wakasome. Wakasome, naam. Lakini kijana huyu ameweka pesa humo, bando ni pesa, na saa zake ni zake. Akizoea leo kupokea "samahani kwa usumbufu" kama jibu kamili, kesho ataipokea hivyo hivyo benki ikigoma kumtolea fedha zake, au mtandao wa kutuma pesa ukilala siku ya mshahara. Mei 2021 mfumo wa LUKU, wa kununulia umeme, ulipokwama kwa siku kadhaa, watu walipanga foleni kwenye ofisi za shirika la umeme, TANESCO, wengine nyumba zikiwa giza, na Waziri wa Nishati akawasimamisha kazi baadhi ya wakuu wa TEHAMA. Kwenye foleni niliyopanga mimi, mazungumzo yalikuwa ya nani kasimamishwa. Sikumsikia hata mmoja akiuliza kilichokatika, na ukweli unanilazimu kusema kwamba nami sikuuliza.

Kwa hiyo, vijana, ukali wenu uwekeni mahali pake. Mafundi wakiwa kazini, wapeni muda. Mnaopiga kelele za "fungueni sasa hivi" ndio mnaosababisha mlango ufunguliwe kabla rangi haijakauka, na kesho yake mchezo uzimike tena. Roblox wangewarudisha wote kwa mkupuo, pengine tungehesabu siku nne. Mchezo ukisharudi, hapo ndipo pa kuanza kusumbua. Kimeharibika nini? Mlikijaribu kabla ya kutuletea? Data zetu zimebaki salama? Mmebadilisha nini ili kisijirudie? Ulizeni kwa majina yenu, kwa adabu, mkiwa wengi, tena na tena, hata baada ya sarafu kuingia. Mficha maradhi kifo humfichua, ndiyo, lakini katika habari hii mficha ni kampuni, na mgonjwa anayekufa ni mchezo mnaoupenda.

Niliyasema haya yote kwa mpwa wangu, kwa maneno machache kuliko hapa. Alisikiliza kwa sikio moja. Wiki mbili baadaye mchezo ukalala tena, safari hii kwa saa sita tu, na sarafu zikaingia. Jioni akaja kwangu na simu yake yenye ufa, akataka nimsaidie Kiingereza cha swali moja. Tukaliandika pamoja, mistari mitatu, bila tusi. Jibu lilirudi kabla hata hajamaliza chai: asante kwa kuwasiliana nasi, tunathamini maoni yako. Akalisoma kwa sauti, akacheka.

"Mjomba, hiki siyo kipuri," akasema, akafuta jasho la kidole kwenye suruali na kuanza kuandika upya.