Nyumba na Afya: Dawa ya Mtu si Dawa ya Paka

Katika nyumba nyingi za kambini na za mitaani, paka hulinda mahindi na maharage yasiliwe na panya, na mbwa hulinda mlango usiku, baba awapo lindoni. Wanyama hawa wanapougua au kujeruhiwa, mara nyingi mama wa nyumba hufungua kabati la dawa za watoto. Hapo ndipo hatari ianzapo, kwa kuwa dawa imponyayo mtu yaweza kumwua paka.

Mfano ulio wazi ni parasetamoli. Ini la mwanadamu huivunja dawa hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha. Sumu inayobaki huiharibu damu hata isiweze kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua paka mzima. Dalili zake ni ufizi kugeuka rangi ya kahawia au samawati, kuhema kwa shida, na uso na miguu kuvimba. Paka huyo na apelekwe mara moja kwa daktari wa mifugo, wala isingojewe kesho. Mbwa naye asipewe ibuprofeni, maana humtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Jambo la pili ni dawa za viroboto na kupe. Dawa ya mbwa yenye permethrini humfanya paka atetemeke na kushikwa na degedege, na huweza kumwua. Mnunuzi aangalie mambo matatu katika karatasi ya chupa: aina ya mnyama, uzito wake, na tarehe ya dawa kuharibika. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikadiriwe kwa macho na kupakwa mbwa. Mafuta machafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huyapaka penye upele, huunguza ngozi na huwa sumu mnyama ajirambapo.

Sanduku la huduma ya kwanza halihitaji gharama kubwa. Yatosha kuwa na bandeji, vitambaa safi, mkasi butu, kibano cha kutolea miiba na kupe, taulo, sabuni na chumvi. Jeraha lioshwe kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Dawa za kusafishia sakafu zenye fenoli zisitumiwe kamwe, kwani paka hujiramba mwili mzima. Damu ikitoka, jeraha likandamizwe kwa kitambaa dakika 5 bila kulifunuafunua.

Mnyama mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Kwa hiyo paka aviringishwe taulo kwanza. Mtu aliyeumwa na mnyama ashukiwaye kuwa na kichaa cha mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.

Kwa sababu hiyo, chanjo ya mbwa na paka itangulie vyote. Dawa zao nazo ziwekwe mbali na za watoto, katika sanduku lenye alama, ili usiku wa haraka mtu asikosee chupa.