Mishahara Inayozaa Njiani: Hesabu za Mwaka za Kampuni ya ADP Katika Mizani ya Sharia



Kwa wengi wetu visiwani, mwisho wa mwezi ni mlio mmoja wa simu: mshahara umeingia. Tunatoa cha duka, cha skuli za watoto, cha mama kule shamba, na siku inapita. Ni wachache wanaojiuliza pesa ile ilikuwa wapi jana na juzi, imeshikwa na nani, na huyo aliyeishika alikuwa akiifanyia nini.

Leo tunaliangalia suali hilo kupitia hesabu za mwaka za kampuni kubwa ya Kimarekani inayoitwa ADP. Itaonekana ni mbali na Unguja na Pemba, lakini ndugu zetu wengi wanaishi Marekani na Uingereza, wanalipwa kupitia kampuni za namna hii, na akiba zao za uzeeni huwekezwa katika hisa za makampuni makubwa, ADP ikiwa miongoni mwao. Na hapa nyumbani, mtindo wa mwajiri kumkabidhi wakala kazi ya kuajiri na kulipa unazidi kuenea. Kwa hivyo jambo hili limeshabisha hodi mlangoni kwetu.

Kampuni yenyewe na kazi yake

ADP ilianzishwa mwaka 1949 na kijana mmoja, Henry Taub, katika mji wa Paterson, jimbo la New Jersey. Wazo lake lilikuwa jepesi: wenye biashara wengi hawapendi kazi ya kupiga hesabu za mishahara, basi wamlipe mtu awafanyie. Leo kampuni hiyo ina wateja zaidi ya milioni moja katika nchi zaidi ya 100, na kule Marekani hulipa takriban mfanyakazi mmoja katika kila sita.

Kazi zake ni za aina mbili. Ya kwanza ni kuandaa mishahara: kuhesabu saa za kazi, kukata kodi na michango, kumlipa mfanyakazi na kuipelekea serikali haki yake. Ya pili ni kubeba shughuli nzima ya utumishi, ambapo kampuni inakuwa kama mwajiri mwenza: mfanyakazi yuko kiwandani kwa bosi wake, lakini mshahara, bima na mafao yake yanapita kwa ADP.

Katika mwaka wa hesabu ulioishia tarehe 30 Juni 2024, mapato ya ADP yalikuwa kiasi cha dola bilioni 19.2, ongezeko la asilimia 7 juu ya mwaka uliotangulia. Kiasi cha bilioni 13 zilitoka katika kazi ya kwanza na bilioni 6 katika ya pili. Faida baada ya kodi ilikaribia dola bilioni 3.8. Wenye hisa walifurahi, kwani kampuni hii ina sifa ya kupandisha gawio lake kila mwaka kwa miongo kadhaa mfululizo.

Kwa mtazamo wa biashara, huo ni mwaka mzuri. Lakini ndani ya hesabu hizo mna mstari mmoja ambao Muislamu hafai kuuruka.

Bilioni moja isiyotokana na jasho

Mstari huo ni wa riba inayopatikana kutokana na fedha za wateja. Katika mwaka huo ilifikia takriban dola bilioni 1.

Inapatikanaje? Mwajiri hupeleka fedha za mishahara na za kodi ADP kabla ya siku ya malipo. Za mishahara hukaa siku chache, na za kodi zinaweza kukaa zaidi. Fedha ya huyu ikitoka, ya yule inaingia, kwa hivyo birika halikauki. Kwa wastani, katika mwaka huo kampuni ilikuwa imeshika dola bilioni 35.5 za watu wengine kila siku. Sehemu kubwa ya fedha hizo hununulia dhamana za serikali ya Marekani na hati fungani za makampuni, na zikazaa kiasi cha asilimia 2.9 kwa mwaka. Riba hiyo ni ya ADP. Haendi nayo mwajiri wala mfanyakazi.

Kwa mtu mmoja ni kitu kidogo mno. Mshahara wa dola 1,000 ukikaa siku tatu kwa kiwango hicho unazaa senti 24 hivi. Nani atakwenda kugombea senti 24? Na hapo ndipo penye siri ya biashara hii: haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejaa bilioni.

Tukumbuke pia kwamba riba ya namna hii haina gharama kubwa ya kuipata. Karibu yote inaingia moja kwa moja katika faida. Faida ya ADP kabla ya kodi mwaka huo ilikuwa karibu dola bilioni 4.9. Maana yake, kitu kinachofika moja ya tano ya faida hiyo kilitokana na fedha zilizokuwa zikipita njia tu kwenda kwa wenyewe.

Kwa nini imepanda ghafla?

Miaka michache nyuma mstari huu ulikuwa mdogo. Katika mwaka ulioishia Juni 2022, riba hiyo ilikuwa kiasi cha dola milioni 450. Mwaka uliofuata ikaruka hadi milioni 813, kisha ikafika bilioni moja. Wateja hawakuongezeka maradufu. Kilichotokea ni kwamba benki kuu ya Marekani, kuanzia Machi 2022, ilipandisha viwango vya riba kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 ilipofika Julai 2023.

Na mwenye kudhani kwamba viwango vikishushwa mstari huu utanyauka mara moja, aangalie tena. Hati nyingi ambazo kampuni inazo zilinunuliwa zamani, wakati riba ikiwa chini. Kila moja inapofika muda wake, fedha yake hununulia hati mpya yenye kiwango cha juu zaidi. Ndiyo maana kampuni ilipata asilimia 2.9 tu wakati kiwango cha benki kuu kilikuwa juu ya 5, na ndiyo maana mapato haya yanaweza kuendelea kupanda hata baada ya benki kuu kuanza kupunguza, kama ilivyoanza kufanya Septemba 2024.

Kikomo cha asilimia 5

Sasa tuje kwa ndugu yetu aliyeko ughaibuni ambaye ana hisa za kampuni hii, au ana akiba ya uzeeni iliyowekwa katika mfuko unaozibeba.

Wanazuoni wana misimamo miwili inayojulikana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, iliamua kwamba asili ni haramu kununua hisa za kampuni ambayo wakati mwengine hujihusisha na haramu kama riba, hata kama kazi yake ya msingi ni halali. Kwa msimamo huo mjadala umekwisha.

Msimamo wa pili umo katika viwango vya AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain inayoweka vipimo vya hesabu na Sharia kwa mabenki ya Kiislamu. Huu unaruhusu kwa masharti, kwa kuzingatia kwamba ni vigumu leo kupata kampuni kubwa iliyosalimika kabisa. Miongoni mwa masharti ni kwamba pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya mapato yote. Na hata likiwa chini ya hapo, mwenye hisa analazimika kuitoa sehemu hiyo kwa ajili ya kujitakasa, bila ya kuihesabu kuwa ni sadaka yake.

Tupige hesabu. Mwaka ulioishia Juni 2022, riba ya fedha za wateja ilikuwa karibu asilimia 2.7 ya mapato ya ADP. Mwaka 2023 ikawa asilimia 4.5. Mwaka 2024 ikafika kiasi cha asilimia 5.3. Yaani mtu aliyenunua hisa hizi mwaka 2022 akiwa ameridhika kwamba ziko ndani ya mpaka, alijikuta nje ya mpaka miaka miwili baadae bila ya kufanya lolote. Kampuni haikubadilisha kazi yake wala haikuanza kuuza ulevi. Riba ya dunia ilipanda, ikamchukua.

Funzo hapa ni kubwa kuliko kampuni moja. Hukumu ya hisa haiandikwi mara moja ikafungiwa kabatini. Mwenye kuwekeza kwa msimamo huu wa pili analazimika kuangalia upya kila mwaka, au kumkabidhi anayeangalia kweli. Mwenye kuona uzito wa hilo, bora ashike msimamo wa kwanza, apumzike.

Anayelipwa na anayefanya kazi humo

Je, mshahara unaopitia kampuni kama hii umeingia doa? Hapana. Mfanyakazi ameuza jasho lake kwa mwajiri, na ujira wake ni haki yake. Aliyoyafanya mshika fedha katikati ya njia si dhambi ya mlipwaji.

Na kijana wetu aliyeajiriwa humo? Kuhesabu mishahara, kutengeneza programu, kuhudumia wateja ni kazi halali kwa asili yake. Kinachokatazwa ni kuandika, kushuhudia na kusimamia mikataba ya riba yenyewe. Kwa hivyo aliyepo katika kitengo cha kuwekeza fedha hizo katika hati za riba, huyo amuone shekhe anayemuamini na amueleze kazi yake ilivyo, na akipata pengine pa halali, ahamie.

Amana, na kisa cha pangoni

Wengi wetu tunakijua kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, ambacho Mtume (s.a.w.) alikisimulia na kimepokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila ya kuchukua ujira wake. Yule bwana aliuendeleza ujira ule mpaka ukawa mali nyingi ya mifugo. Siku mfanyakazi aliporudi kudai, akakabidhiwa kundi zima, naye akadhani anafanyiwa mzaha. Kwa amali hiyo jiwe lilisogea.

Hatusemi kwamba ADP inalazimika kugawa senti 24 kwa kila mtu. Kimkataba, mwajiri ameridhia fedha ikae na itumike, na mfanyakazi analipwa kwa wakati. Katika fiqhi, amana ambayo mwenyewe ameruhusu itumiwe inageuka kuwa mkopo, na mshikaji anakuwa na dhamana nayo. Tatizo kubwa la Kisharia ni riba inayochumwa nayo. Lakini kisa kile kinatuonesha daraja ya juu: kuna mtu alimuona mfanyakazi kuwa ni mwenye mali hata pale mali ilipokuwa mkononi mwake yeye.

Na kuna daraja ya chini kabisa. Septemba 2019, kampuni ndogo ya mishahara katika jimbo la New York iliyoitwa MyPayrollHR ilifunga milango ghafla. Mamilioni ya dola yaliyotolewa na waajiri kwa ajili ya mishahara yalikuwa yamepotea, na baadhi ya wafanyakazi walikuta fedha zinavutwa kutoka akaunti zao. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2021 kwa udanganyifu. Kwa hivyo tuwe waadilifu: mshikaji anayelipa kwa wakati kila mwezi si sawa na anayekula amana. Uadilifu huo hauhalalishi riba, lakini unatufunza namna ya kupima.

Na sisi huku?

Vijana wetu wengi wa mahotelini, walinzi na wasafishaji huajiriwa na wakala, si na mwenye hoteli. Fedha yao hupita mkononi mwa mtu wa tatu. Malalamiko ya kuchelewa wiki mbili, tatu, si mageni kwetu. Katika Hadithi Qudsi imekuja kwamba Allah Mwenyewe atakuwa khasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemtumikisha mwajiriwa akaipata kazi kamili kisha asimpe ujira wake. Wakala na bosi wote wawili waiogope siku hiyo, asiwepo wa kumsukumia mwenziwe.

Kwa hivyo tunanasihi mambo matatu. Mfanyakazi adai mkataba wa maandishi unaotaja nani anamlipa na siku gani, na afuatilie kama michango yake kweli inafika ZSSF. Wakala aziweke fedha za mishahara mbali na fedha zake za biashara, katika akaunti isiyo ya riba. Njia ipo, kwani huduma za benki za Kiislamu zimekuwepo Zanzibar tangu 2011. Na mwenye ndugu ughaibuni amuulize, kwa upole, akiba yake ya uzeeni imewekwa wapi.

Hesabu za hisa zinatofautiana baina ya mtu na mtu. Mwenye suali lake khasa alipeleke kwa wanazuoni pamoja na karatasi zake.

Wallahu a'lam.