Kwa ndugu zangu wa Chogo: msiuze shamba

Wajomba, shangazi na wadogo zangu mlioko Chogo, Handeni,

Nawaandikia nyote kwa pamoja kutoka huku Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kwa kuwa simu za vijana zimezidi, na swali ni moja: wamfuate dalali? Huyo dalali anawaambia wakimlipa atawafikisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wajiandikishe ukimbizi, kisha wapande ndege ya Marekani. Nasikia mmoja wenu ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba la baba yake.

Kakuma nimeishi. Mwaka 2002 tulipakiwa kwenye mabasi kutoka kambi ya Dadaab, Wabantu wa Somalia karibu 12,000, kwa sababu Marekani ilikuwa imekubali kutuchukua tangu 1999, baada ya Msumbiji kushindwa kutupokea. Msidhani ni kwa kuwa tulikuwa na dhiki. Wenye dhiki walijaa kambi nzima. Tulichukuliwa kama kundi lenye historia inayojulikana: vizazi vya Wazigua, Wayao na Wamakua waliouzwa pwani ya Somalia karne ya 19, wakaja kulima kandokando ya mto Juba, na vita vya 1991 vilipoanza tukawa watu wa kuporwa na kila mwenye bunduki. Mlango ule ulikuwa wa kundi lile, nao ulifungwa zamani. Tena Januari 2025 serikali ya hapa ilisimamisha mpango wenyewe wa kupokea wakimbizi. Huyo dalali anawapeleka mlango gani?

Nasi tulipofika, tulitawanywa katika miji kama hamsini, ndugu huyu Texas, yule Arizona. Msaada wa mwanzo ulihesabiwa kwa siku tisini. Baada ya hapo kodi ni juu yako, na kazi ni kubeba boksi, kama wasemavyo Watanzania wa huku: ghalani, kiwanda cha nyama, au kuwaogesha wazee wa watu. Mama, aliyeujua kila mzizi wa dawa kule Juba, hakuweza kusoma jina la mtaa wake. Tukaanza kutafutana kwa simu, tukahama wenyewe bila kupangiwa na ofisi yoyote, wengi tukaishia hapa Lewiston.

Wasomali wengine walishatangulia tangu 2001. Mji ulikuwa wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufungwa, nyumba tupu nyingi, kodi nafuu. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi kuwaomba wazee wa Kisomali wapunguze kasi ya watu wao kuja. Januari iliyofuata wabaguzi wakaja kufanya mkutano wao, wakapata watu wachache tu. Siku hiyo hiyo waliokusanyika kuwatetea wageni walikuwa maelfu. Mji ni ule ule mmoja, na hadi leo nyuso zote mbili nakutana nazo dukani. Kelele zilipungua kidogo mwaka 2015, timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa Kisomali, ilipotwaa ubingwa wa jimbo.



Lililotutuliza hasa ni shamba. Wazee walikuwa wakishinda ghorofani wakitazama theluji, wanadhoofu na hospitali haioni ugonjwa. Chama chetu cha Wabantu kikaanza kukodi mashamba, kila familia ikapewa sehemu ya kumi ya ekari kulima mahindi ya unga na mboga. Kumiliki ardhi ilikuwa shida nyingine: mkopo wa benki una riba, ambayo ni haramu kwetu Waislamu, wazee wakakataa. Ilibidi ipatikane taasisi ya kushika ardhi kwa niaba ya jamii, na sasa kuna ekari zaidi ya 100 katika kijiji kiitwacho Wales, chini ya jina la Little Jubba. Udongo wenyewe huganda majira yote ya baridi. Basi hicho kipande cha kumi cha ekari ndicho tunachokililia, na ninyi mnataka kuuza ekari za Handeni, nchi ya Wazigua walikotolewa babu zetu!

Halafu kuna uraia. Tanzania imewapa ninyi mliokimbilia huko vita vile vile, nanyi mna vyeti mkononi. Mwenye uraia akienda kujiandikisha ukimbizi anasema uongo mbele ya serikali, na uongo huo ukigundulika waweza kumfungia hata njia ya halali, ya masomo au ya ndoa. Anayetaka kuja kusoma aniambie, tutatafuta chuo pamoja.

Fedha za kupimisha mashamba na kufuatilia hati za kimila nitachanga na wenzangu wa huku. Mwenyekiti wenu atutumie makadirio. Fedha za dalali sitatuma, hata akipiga simu shangazi mwenyewe.

Wenu,
Ndugu yenu wa Lewiston